Barua ya wazi kwa viongozi wa mji wetu: ile buku jero ya kodi ya majengo kwenye LUKU inafanya kazi gani?

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Halmashauri, Mkurugenzi wa Mji, waheshimiwa madiwani wote, na wewe mweka hazina ambaye jina lako hatulisikii sana mtaani ila kila shilingi inapita mezani kwako, shikamooni kwa wanaostahili shikamoo, na wengine habari za majukumu.

Mji wetu sitautaja, nyie mnaujua na sisi tunaujua, halafu naamini kuna miji midogo mingi tu ya barabarani hapa Tanzania ambayo watu wake wakisoma hii watasema huyu kaandika ya kwetu. Naandika kuhusu kodi ya majengo, ile buku jero, yaani shilingi 1,500, inayokatwa kila mwezi tukinunua umeme wa LUKU, huu wa kulipia kabla. Na naandika sasa hivi kwa sababu ndo msimu wenyewe, mwaka wa fedha unaanza Julai 1 na kabla ya hapo makadirio yanapita kwenye kata, yanapita baraza la madiwani, yanaenda mkoani, yanaenda TAMISEMI, ofisi inayosimamia serikali za mitaa, na bunge la bajeti likishaanza mwezi wa nne hapo hata tukipiga kelele mtaani haisaidii kitu, kitabu kimeshafungwa.

Mimi ni mpangaji. Nataka hilo lieleweke mapema maana ndo msingi wa barua yote. Nyumba tunayokaa ina vyumba sita, korido katikati, jiko na choo uani, mita moja ya umeme ipo ukutani karibu na mlango wa mbele. Mwenye nyumba hakai hapa, anakuja kuchukua kodi ya pango basi. Sasa nyie mnaojadili mapato ya mji njooni siku moja tarehe 1 au tarehe 2 mwone kinachotokea kwenye hiyo korido. Umeme unakaribia kuisha, mita inawaka taa nyekundu inalia, na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kununua, kwa sababu kila mtu anajua anayenunua wa kwanza mwezi ukianza ndiye anayekatwa ile buku jero ya kodi ya majengo. Ukitoa elfu tano yako inaondoka 1,500 kwanza, inabaki 3,500, na kwa bei ya 356 kwa uniti ukishajumlisha na tozo zote unapata uniti tisa na pointi badala ya kumi na nne. Kwa mtu mwenye friji la biashara uniti nne labda si kitu, ila kwa mama wa chumba cha mbele anayeamka saa kumi usiku kukanda maandazi chini ya taa hizo uniti nne anazihesabu, na anamhesabu na jirani yake aliyesubiri yeye anunue. Nimeshuhudia watu wazima na heshima zao wanakaa giza mpaka saa nne usiku kwa kutegeana, halafu asubuhi hawasalimiani. Nyumba ya watu maskini mnaigombanisha kwa shilingi 1,500 ambayo kisheria haikuwa yao hata kidogo.

Maana kisheria anayelipa kodi ya majengo ni mwenye jengo. Hilo halina ubishi. Hii kodi ni ya zamani, sheria ya kukadiria majengo ya mijini ipo tangu 1983, na kwa miaka mingi halmashauri zenyewe ndo zilikuwa zinakusanya, kuna thamani ya nyumba inakadiriwa, mwenye nyumba analetewa ankara anaenda kulipa. 2016 ikapelekwa TRA, mamlaka ya mapato, 2018 ikawekwa ya mkupuo, yaani kiwango kimoja bila kuangalia thamani ya nyumba, elfu kumi kwa mwaka nyumba ya kawaida, na 2021 ndo ikahamishiwa kwenye LUKU, buku, yaani 1,000, kwa mwezi, na mwaka 2023 ikapanda ikawa buku jero, yaani 18,000 kwa mwaka nyumba ya kawaida, na ghorofa 90,000 kwa kila sakafu. Ilipoanza 2021 wapangaji waliuliza sasa sisi tunaingiaje hapo, tukaambiwa tuelewane na wenye nyumba. Tuelewane vipi? Mwenye nyumba ukimwambia nikate 1,500 kwenye pango anakwambia chumba kina watu wanne wanakisubiri, chagua. Na nyumba ina wapangaji sita, aliyekatwa ni mmoja mwezi huu, mwingine mwezi ujao, nani aende kudai nini na risiti ipo kwenye simu ya nani. Hakuna aliyeelewana na mtu. Tunalipa sisi.

Na nimeitaja hiyo historia kwa haraka si kwa ajili ya kuwafundisha, mnaijua kuliko mimi, ila kwa sababu kila nikiuliza kuhusu hii hela jibu la kwanza ni lilelile, kwamba hiyo si yetu, hiyo ni ya serikali kuu inakatwa na mfumo. Sawa. Naelewa kwamba kiwango hamkupanga nyie, katiba yenyewe ibara ya 138 inasema kodi inatozwa kwa sheria ya Bunge, kwa hiyo siwalaumu nyie kwa buku jero. Lakini sheria hiyohiyo inataka sehemu ya makusanyo irudi kwenye halmashauri. Ikisharudi si ya mfumo tena, ni yenu, inaingia kwenye bajeti yenu, mnaipangia nyie, mnaipitisha kwa kunyoosha mikono nyie. Na mimi katika mikutano yote ya mtaa niliyokaa, bajeti ikisomwa, sijawahi kusikia mstari mmoja tu unaosema kodi ya majengo iliyokatwa mitaa yetu ni kiasi hiki, iliyorudi ni kiasi hiki, imefanya kazi hii. Tunasomewa jumla. Bilioni kadhaa, mishahara kutoka Hazina inachukua sehemu kubwa, ruzuku ya miradi, halafu mapato ya ndani yametajwa yote kwa pamoja, ushuru wa mazao, ushuru wa huduma, leseni, stendi, soko, machinjio, vibali vya ujenzi, na asilimia ya makusanyo tumefika ngapi, watu wanapiga makofi, kikao kimeisha.

Tuchukulie mtaa una mita 400, na mitaa yetu mingi haipungui hapo. Mita 400 mara 1,500 ni laki sita kwa mwezi, kwa mwaka ni milioni saba na laki mbili. Mtaa mmoja huo. Piga mara mitaa ya mji mzima mtaona hii si hela ya kuweka kwenye fungu la mengineyo. Hata ikirudi sehemu ndogo tu ni hela ambayo ukimtajia mwananchi aliyekatwa ataelewa na ataifuatilia, na ndo ninachokitaka, aifuatilie.

Maana angalieni ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa mikopo ya vikundi, nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu. Kila mtu mtaani anaijua kwa kichwa. Mama ambaye hajaingia darasani anakwambia nne nne mbili. Na kwa sababu tunaijua ndo maana 2023 iliposimamishwa watu waliuliza, na iliporudishwa watu walijua imerudi, na vikundi vikinyimwa vinajua vya kudai ni nini. Namba ikijulikana inalindwa na watu wenyewe. Kodi ya majengo hakuna anayeijua namba yake hapa kwetu, ndo maana hailindwi na mtu.

Halafu kuna hili la kuitwa mji, naomba mnisamehe nikilisema kwa uchungu. Sisi hapa mazingira yetu mnayajua, nusu ya mji ni mashamba ya mahindi, ng'ombe wanapita barabarani asubuhi, lakini kwenye makaratasi ni mji. Mwaka 2022 kuunganishiwa umeme kijijini ikawa 27,000 na mjini ikarudi 320,960, na kuna watu hapa pembeni kabisa mwa mji nyumba zao zinaangaliana na za kijiji, huyu kalipa elfu ishirini na saba, mwenzake ng'ambo ya barabara ya vumbi kadaiwa laki tatu na ushee. Watu walivumilia wakasema basi tukiwa mji tutapata vya mji, taka zitazolewa, mitaro itajengwa, njia zitapitika. Mpaka leo gari la taka linaingia barabara ya lami na stendi, mitaa ya ndani tunachoma uani au tunatupa korongoni, na hapo ada ya taka tunatozwa kivyake, mbali na hii ya majengo.

Ukiuliza mtaro unaambiwa hiyo ni TARURA, wakala wa barabara, na kweli tangu 2017 barabara za mijini na vijijini ziko TARURA. Ukiuliza maji ni mamlaka ya maji. Taa za barabarani kila mtu anamtaja mwenzake. Sasa naomba mtuambie tu kwa nia njema kabisa, kinachobaki kwenye halmashauri ambacho mwenye nyumba na mpangaji wake wanakiona mlangoni kwao ni kipi? Kama ni taka, basi semeni hii sehemu ya kodi ya majengo inayorudi tumeiweka kwenye taka, itanunua hiki na kile, gari litapita mtaa fulani siku fulani. Kama ni kalavati ndogo za watembea kwa miguu za kuvuka kwenye mitaa ya ndani, semeni. Mvua za mwaka jana maji yalitoka kwenye ule mtaro ulioishia njiani yakaingia kwenye vyumba vya uani vya nyumba yetu mpaka usawa wa godoro, tukatoa ndoo usiku kucha, watoto tumewapandisha juu ya meza. Nyumba hiyohiyo mwezi huohuo ilikatwa kodi ya jengo. Sisemi 1,500 ingezuia mafuriko, nasema anayetozwa kwa kuwa na jengo ana haki ya kuuliza hilo jengo linapata nini.

Na wazee jamani. Sheria imetoa msamaha kwa mtu wa miaka 60 na kuendelea, na mtu mwenye ulemavu asiye na kipato, kwa nyumba yake moja anayokaa mwenyewe. Hili ni jambo zuri na linastahili pongezi, ila ni wazee wangapi hapa mjini kwetu wanalijua? Nyuma yetu kuna bibi anakaa na wajukuu watatu, nyumba yake aliijenga yeye na marehemu mumewe kwa hela ya vibarua, mabati yameshika kutu, ana mita yake, anakatwa kila mwezi kama mfanyabiashara. Alipoelekezwa kwamba ana haki ya kusamehewa akaenda ofisi moja, akaambiwa lete barua, akaleta, akaambiwa hapa siyo nenda kule, kule wakamwambia mfumo haujafunguka, nauli ya bodaboda ikawa imeshapita kodi yenyewe ya miezi kadhaa, akaacha. Mtendaji wa mtaa anawajua wazee wote wa mtaa wake, anajua nani anakaa na nani na nani ana kipato. Kwanini asipite nyumba kwa nyumba mara moja akaandika majina, umri na namba za mita, halmashauri ikayapeleka yote kwa pamoja kunakohusika? Hilo halihitaji bajeti ya kutoka Dodoma. Linahitaji wiki moja na daftari. Hapohapo aandike na nyumba zenye mita zaidi ya moja, kwa sababu jengo moja linatakiwa kukatwa kwenye mita moja tu, na hapa mjini kuna nyumba za vyumba vya kupanga kila chumba kina mita yake na zote zinakatwa, na wapangaji wenyewe hawajui kama kuna pa kulalamikia.

Mheshimiwa mbunge nawe naomba usome hapa, maana wewe pia ni mjumbe wa baraza letu la madiwani hata kama vikao vingi unakuwa Dodoma. Hii ya mkupuo ina shida ambayo madiwani hawawezi kuitatua ila wewe unaweza kuisemea. Nyumba ya bibi niliyemtaja na jumba la chini lenye vyumba kumi, geti la umeme, vigae mpaka uwanjani, zote mbili si ghorofa, zote zinakatwa 1,500. Zamani thamani ya nyumba ilikuwa inaangaliwa, na najua ilikuwa na matatizo yake, vitabu vya uthamini vilikuwa vinapitwa na wakati, kuthamini ni gharama kubwa, wathamini wachache, watu walikuwa hawalipi. LUKU imerahisisha ukusanyaji, hilo nalikubali kabisa, hakuna anayekwepa. Lakini rahisi kwa mkusanyaji imekuwa mzigo kwa asiyestahili. Hata ngazi mbili tatu tu za viwango zingepunguza huo uonevu, na mpangaji angetafutiwa utaratibu ulioandikwa wa kurudishiwa na mwenye nyumba, siyo kuambiwa aelewane.

Nirudi kwa madiwani na mkurugenzi, maana ombi langu kubwa liko kwenu na liko ndani ya uwezo wenu leo. Bandikeni hizo namba. Kila robo mwaka, kwenye ubao wa ofisi ya kila mtaa, karatasi moja kwa Kiswahili cha kawaida, siyo yale majedwali ya vifungu na kasma ambayo hata mwalimu anayaangalia anaondoka. Iandikwe kodi ya majengo iliyokatwa kwenye mji wetu robo hii ni kiasi gani, na kama mfumo unaweza kutenganisha mtaa kwa mtaa itenganishwe. Iliyorudi kwenye halmashauri ni kiasi gani na imeingia lini. Imetumika wapi, na iliyobaki iko wapi. Na kama haijarudi hata senti, andikeni hivyohivyo haijarudi, tujue tumwambie mbunge akaidai, hapo tutakuwa upande mmoja na nyie siyo kuwatuhumu nyie bure kwa hela ambayo hamjaipata. Vikoba vya kina mama hapa mtaani sanduku lina kufuli tatu, funguo tatu wanashika watu watatu tofauti, na hela inahesabiwa kwa sauti mbele ya kila mwanachama kila wiki, aliyeweka hisa moja na aliyeweka tano wote wanasikia jumla. Ndiyo maana watu wanatoa hela zao mule bila kusukumwa. Na wanaofanya hivyo ni wananchi wenu hawahawa.

Kuna mtu atasema namba hizi zinapatikana kwa kuandika barua ya maombi. Ni kweli Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ipo tangu 2016, na barua nitaandika kama italazimu, ila mwananchi aliyekatwa hela kwa sekunde mbili bila kuulizwa haifai aandike barua, asubiri wiki kadhaa, ndio aambiwe hela yake ilikwenda wapi. CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, naye kila mwaka anaandika habari za halmashauri ambazo makusanyo ya mashine za POS, zile za kukusanyia ushuru, hayakufika benki yote, sisemi ni kwetu, nasema watu wanasikia redioni, na wakisikia halafu kwao hawaoni namba yoyote wanajaza wenyewe kwa mawazo yao. Huo uvumi unawaumiza hata wale watumishi wenu waaminifu, na wapo, nawajua.

Jambo la mwisho ni mkutano. Vipaumbele vya mtaa vikiitwa, mara nyingi anayeitwa ni mwenye nyumba, balozi anapita anauliza mwenye nyumba yupo, ukisema hayupo anaondoka. Mwaka huu iteni wapangaji pia, kwa maneno hayohayo, wapangaji na wenye nyumba, tangazo lipite na kipaza sauti kwenye pikipiki siku mbili kabla, siyo karatasi imebandikwa asubuhi na kikao ni saa nne watu wako shambani na sokoni. Wekeni saa kumi jioni, Jumapili, uwanja wa shule ya msingi unatosha watu wote, na mweka hazina aje mwenyewe na hiyo karatasi ya kodi ya majengo aisome pale, aulizwe ajibu. Ifanyike kabla baraza la bajeti halijakaa. Sisi wa nyumba yetu tutakuja wote, vyumba vyote sita, tumeshakubaliana.

Wenu katika ujenzi wa mji,
Mpangaji, mlipa kodi ya majengo